Nani Kamshika?

Jumapili moja jioni mdogo wangu wa kike alinitumia barua ya kuomba kazi ili niipitie. Alimaliza chuo mwaka jana, na barua za namna hiyo ameshaandika nyingi hadi ameacha kuzihesabu. Hii ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja. Ujumbe ulioambatana nayo ulikuwa mfupi: "Dada, niangalizie sarufi. Kesho ndiyo mwisho wa kupokea maombi."

Sarufi haikuwa na tatizo. Kilichonisimamisha ni aya ya pili. Alikuwa ameandika kwamba yuko tayari "to burn the midnight oil", kuchoma mafuta ya taa usiku wa manane. Mstari uliofuata ulisema kwamba huwa anaweka pua yake kwenye jiwe la kunolea, "nose to the grindstone". Na alimalizia kwa ahadi kwamba siku zote atakwenda maili ya ziada, "the extra mile". Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, kwa sababu nahau zote tatu nilimfundisha mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu, Tanga, yeye yuko darasa la tano. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitoa alama ya ziada kwa kila nahau utakayoitumia kwenye insha, kwa hiyo tulikuwa na daftari maalumu la nahau, na tulizikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Nahau za kufanya kazi kwa bidii peke yake zilijaza kurasa mbili: kufanya kazi kama mbwa, kufanya kazi mpaka vidole vibaki mifupa, kuchoma mshumaa ncha zote mbili. Jioni nilikuwa najifanya mwalimu, mdogo wangu mwanafunzi, na mwanga wetu ulikuwa wa kibatari. Ikifika saa nne mama alisema kutoka chumbani, "Zimeni hicho kibatari, mafuta yanaisha." Sisi tunajifunza kwamba kuchoma mafuta usiku ni sifa, na mwenye kuyanunua anatuambia ni hasara. Hatukuona mgongano wowote. Moja lilikuwa somo la Kiingereza, jingine lilikuwa maisha.

Nahau hizo zilinifikisha mbali. Zilinipa alama, alama zikanipa chuo, chuo kikanipa kazi Dar es Salaam, katika ofisi ndogo inayoandaa ripoti na machapisho ya wateja. Huko nilizikuta zikinisubiri. Mkuu wetu wa kazi ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Kila mwisho wa mwezi huandika barua pepe kwa ofisi nzima akimtaja aliyekwenda maili ya ziada. Katika miaka minne nilitajwa mara tisa. Malipo ya saa za ziada hayakutajwa hata mara moja, na mimi sikuuliza. Kuuliza kungekuwa kama kudai nauli ya ile maili.

Mwaka juzi mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nilimwahidi kwamba nitakuwepo, na tiketi ya basi nilishakata. Siku moja kabla ya safari ikaingia kazi ya mteja mkubwa. Hakuna aliyenizuia. Mkuu hakujua hata kwamba nilikuwa na safari. Nilijizuia mwenyewe. Nilimpigia mama nikamwambia kazi zimebana, akajibu, "Haya mwanangu, kazi kwanza," kwa sauti ambayo sikutaka kuisikiliza vizuri. Mdogo wangu ndiye aliyempeleka. Ndiye aliyemshika mkono kushuka ngazi za hospitali, jicho moja limefungwa bandeji. Ile ripoti niliituma saa kumi alfajiri. Mteja aliifungua baada ya wiki mbili. Mwezi ule nilitajwa tena.

Kwa hiyo barua iliyokuwa mkononi mwangu haikuwa suala la sarufi. Yeye aliyemshika mama mkono, sasa alikuwa anawaahidi watu asiowajua kwamba wakimwajiri atakuwa kama mimi.

Kabla sijamjibu nilimpigia mama. Nilimsalimia, tukaongea habari za nyumbani, kisha nikamwambia, "Mama, Waingereza wana msemo. Mtu akifanya kazi kwa bidii sana, wanasema ameweka pua yake kwenye jiwe la kunolea."

Akanyamaza kidogo. Jiwe la kunolea analijua. Mtaani kwetu hupita mnoa visu na baiskeli yake. Anaisimamisha, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka na cheche zinaruka, na watoto wanaambiwa wakae mbali.

"Nani kamshika?" akauliza.

"Hakuna aliyemshika. Kajiweka mwenyewe."

"Mtu mzima na akili zake?"

Nilicheka, lakini swali lile halikuondoka. Usiku ule nikaanza kufuatilia nahau zangu za zamani, moja baada ya nyingine, na nikakuta kwamba mama alikuwa ameuelewa msemo ule kama walivyouelewa Waingereza wa kwanza kuutumia. Katika karne ya 16, kushikilia pua ya mtu kwenye jiwe la kunolea lilikuwa jambo unalomtendea mwenzako. Maana yake ilikuwa kumkandamiza, kumtesa, kumkomesha. John Heywood, aliyechapisha mkusanyiko wake wa methali za Kiingereza mwaka 1546, anautumia kwa mtu anayetaka kulipiza kisasi. Pua ni ya mmoja na mkono ni wa mwingine. Baadaye, kidogo kidogo, mkono ukatoweka kwenye sentensi. Pua ikabaki palepale, jiwe likaendelea kuzunguka, na mwenye pua akaanza kusifiwa.

Maili ya ziada nayo ina historia ya namna hiyo. Inatoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 5. Nchi ilikuwa chini ya Warumi, na askari aliweza kumkamata mpita njia akambebesha mzigo wake. Yesu anawaambia wasikilizaji wake kwamba mtu akiwalazimisha kwenda maili moja, waende naye mbili. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo ndicho kinachotumika tena katika sura ya 27, pale Simoni wa Kirene anaposhurutishwa kuubeba msalaba. Unaweza kulisoma fundisho hilo kama wito wa kumpenda adui, au kama njia ya mnyonge kujirudishia heshima: maili ya kwanza ni yako, bwana askari, ya pili ni yangu, nakupa kwa hiari yangu. Kwa vyovyote vile, maili ya pili ina maana kwa sababu hakuna aliyeidai. Sasa fungua tangazo lolote la kazi. Mwombaji awe tayari kwenda maili ya ziada. Ikishaandikwa kwenye tangazo, si ya ziada tena. Ni maili ya kwanza, na askari karudi, ila safari hii hakuna anayemtaja.

Kuna na ile ya kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zako, vile vya ngozi vinavyoshonwa juu ya buti ili kumsaidia mvaaji kuzivaa. Ilianza kama mzaha. Mwaka 1834 gazeti moja la Marekani lilimkejeli mtu aliyedai kuwa amegundua mashine inayojiendesha milele bila kuongezewa nguvu; likasema basi huenda sasa ataweza kujivusha mto kwa kujivuta vitanzi vya buti zake. Mwaka 1888 kitabu cha fizikia cha Joel Dorman Steele kiliwauliza wanafunzi kwa nini mtu hawezi kujiinua kwa njia hiyo. Swali lenyewe lilikuwa limeshakubali kwamba haiwezekani. Leo hii maskini anaambiwa afanye hivyohivyo, tena kwa uso mkavu, kama ushauri.

Na hata dedlaini, neno ambalo tunalitamka kila siku bila kulifikiria, lilikuwa mstari wa kweli. Katika kambi ya wafungwa wa kivita ya Andersonville, jimbo la Georgia, mwaka 1864, lilikuwa jina la uzio mfupi uliozunguka ndani ya ukuta. Mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nilijiwekea mwenyewe usiku uleule. Neno halifungwi na asili yake. Sisi wenyewe tuna neno kibarua. Ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, na Zanzibar ya karne ya 19 wengi waliokwenda vibarua walikuwa watumwa waliotolewa na mabwana zao, wakirudi jioni wanagawana nao ujira. Leo kijana akisema "nimepata kibarua" tunampongeza, na tuna haki ya kumpongeza. Lugha husafiri. Kwa hiyo sisemi kwamba nahau hizi zina laana, au kwamba anayezitumia anajitukana.

Ninachosema ni kwamba kuna kitu kilekile kimepotea njiani katika kila mojawapo. Zilipoanza zilikuwa na watu wawili: mwenye pua na mwenye mkono, mbebaji na askari, mfungwa na mlinzi wake. Leo kila nahau imebaki na mtu mmoja. Na hilo si jambo dogo, kwa sababu haki inahitaji watu wawili. Wakiwepo wawili unaweza kuuliza nani anampa nani nini, nani anabeba na nani anabebewa. Akibaki mmoja, maswali hayo yanakosa mahali pa kusimama. Kinachobaki ni tabia. Uchovu wako unakuwa kipimo cha moyo wako, na saa zisizolipwa zinakuwa ushahidi wa malezi bora.

Nilitaka kusema kwamba huu ni ugonjwa wa Kiingereza, ila lugha yangu ilinikatalia. Sifa kubwa kuliko zote unayoweza kumpa mfanyakazi kwa Kiswahili cha siku hizi ni kwamba anajituma. Lifungue neno hilo. Kutuma kunahitaji mtumaji na mtumwaji. Anayetumwa siku zote, asiye na hiari ya kukataa, babu zetu walimwita mtumwa. Anayejituma ni mtumaji na mtumwa katika ngozi moja. Tena tunao msemo wa punda afe, mzigo ufike. Nimewasikia vijana wenzangu wakiutamka kwa kujigamba, wakijisemea wenyewe, wakati ni wazi kwamba msemo huo haukutungwa na punda.

Babu yangu mzaa mama aliutambua mkono. Alitoka Kigoma akiwa kijana, akaletwa Tanga kukata mkonge. Watu kama yeye waliitwa manamba, kutokana na namba aliyopewa kila mtu, na siku zao za kazi zilihesabiwa kwenye kipande. Sikuwahi kumsikia akizisifu siku zile wala kujisifu kwa ajili yake. Alikuwa mtu wa bidii hadi uzeeni, shamba lake la mihogo halikuwa na jani la magugu, lakini kazi ya mkonge aliitaja kwa maneno machache: "Kule tulikuwa tunafanyishwa." Kitenzi chake kilikuwa na watu wawili ndani yake.

Sitaki kuishia hapo, kana kwamba kila anayekesha ameonewa. Plutarch anasimulia kwamba Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athens, alitaniwa na hasimu wake Pytheas kwamba hoja zake zinanuka utambi wa taa, yaani anazitayarisha usiku badala ya kuzisema papo kwa papo. Demosthenes akamjibu kwamba taa yake na taa ya Pytheas hazishuhudii mambo yaleyale. Ni jibu zuri. Mafuta ni yaleyale na usiku ni uleule, lakini inategemea taa inamulika nini.

Na mimi nimeiona taa ya Demosthenes. Mama, aliyetukataza kumaliza mafuta, alikuwa fundi cherehani. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia kwisha alikuwa anashona mpaka alfajiri. Nguo za majirani, nguo za watoto wa watu, na mwisho kabisa nguo zetu sisi. Kibatari ambacho sisi tuliambiwa tukizime yeye alikiwasha tena baada ya sisi kulala. Kwa kipimo cha saa, alifanya kazi kuliko mimi. Lakini sikukuu ikishapita, siku ya pili yake alilala hadi adhuhuri mlango umefungwa, na ole wake ambaye angemwamsha. Bei ya kila gauni aliipanga yeye. Mteja msumbufu alimrudishia kitambaa chake. Na ada zetu za shule tulizijua zilitoka kwenye mguu gani uliokuwa ukikanyaga cherehani ile.

Kuna methali aliyoipenda, ambayo niliikariri bila kuisikia: mchumia juani, hulia kivulini. Siku zote niliichukua kama himizo la kuvumilia jua. Sasa naona kwamba ina sharti ndani yake. Anayechuma na anayekula ni mtu mmoja. Mama alichumia juani na akalia kivulini, yeye na wanawe. Babu alichumia juani, na kivuli kilikuwa cha mwingine. Nadhani hapa ndipo lilipo swali la kimaadili ambalo nahau zetu zinatufichia. Bidii ikiwa yenyewe tu haitoshi kuwa fadhila, wala kupumzika si kosa. Cha kuuliza ni kama aliye juani na aliye kivulini wanafahamiana, na kama aliye juani anaweza kuondoka jua likizidi.

Nikijiuliza mimi, jibu halinipendezi. Mimi si manamba. Nina mkataba, nina mshahara, ningeweza kupanda basi asubuhi ile na dunia isingeanguka. Ni kweli kwamba saa zangu zisizolipwa zilimpunguzia mtu gharama, na mtu huyo yupo hata kama hapigi kelele. Lakini ni kweli pia kwamba nilipenda kutajwa. Nilikuwa naisoma ile barua pepe ya mwisho wa mwezi mara mbili mbili. Niliogopa kwamba nisipochoka sitakuwa mtu wa maana, na hofu hiyo hakunitia mkuu wa kazi. Niliingia nayo ofisini kutoka kwenye lile daftari la kurasa mbili. Mama aliuliza nani kamshika. Kwangu mimi mikono ilikuwa miwili, na mmoja ulikuwa wangu.

Hayo yote nilimweleza mdogo wangu kwa simu, kwa haraka na bila mpangilio. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa dada. Sasa nikiandika kwamba nitafanya kazi saa nane halafu nirudi nyumbani, watanichukua?"

Sikuwa na jibu. "Tena wewe mwenyewe bado upo palepale," akaongeza, bila ukali wowote. Ni kweli, bado nipo. Mwezi uliopita niliandika kuuliza kuhusu malipo ya saa za ziada, nikajibiwa kwamba suala langu limepokelewa. Ni rahisi kuwa na maswali ya falsafa ukiwa na mshahara, na nililiona hilo vizuri kuliko nilivyotaka.

Tuliipitia barua pamoja, neno kwa neno. Jiwe la kunolea tulilitoa. Alicheka nilipomsimulia swali la mama. Mafuta ya usiku wa manane alikataa kuyatoa. "Hayo ni ya kweli," alisema. "Utafiti wangu wa chuo niliuandika usiku, na niliupenda." Nikamwachia, maana taa ile ilikuwa yake. Kwenye maili ya ziada tulibishana zaidi. Mwisho nilimuuliza ni kitu gani hasa amewahi kufanya ambacho hakuna aliyemwagiza. Akafikiri, akasema kwamba alipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo alikuta majalada ya wateja yamerundikwa bila mpangilio, akayapanga upya kwa wiki tatu hadi jalada lolote likaweza kupatikana kwa dakika moja. Tukaandika hivyo, kwa maneno hayohayo, na hakukuwa na nafasi ya maili.

Nilitaka kumwambia aandike pia kwamba aliwahi kumpeleka mama yake hospitali siku ambayo dada yake hakwenda. Sikumwambia. Hakuna anayeajiri kwa ajili ya hilo, na kulisema ilikuwa ni juu yangu mimi, tena si kwenye barua yake.

Saa sita kasorobo usiku akanitumia ujumbe: "Nimetuma." Nikamjibu azime taa alale.